Seva ina prosesa 128 na VmRSS imepungukiwa MiB 90: nani anahesabu vibaya?

Swali la msomaji, kwa ufupi: "Programu yetu huweka data nyingi kwenye kache ndani ya kumbukumbu. Kila sekunde inasoma VmRSS, yaani kiasi cha RAM inachoshikilia, kutoka /proc/self/status, na ikivuka kiwango tulichoweka inafuta sehemu ya kache. Kwenye mashine ya prosesa 4 mambo yalikwenda vizuri. Tumeihamishia kwenye seva ya prosesa 128 yenye Linux 6.5, na sasa VmRSS inatofautiana na Rss ya /proc/self/smaps_rollup, faili nyingine inayotoa kiasi hichohicho, wakati mwingine kwa MiB 90, hata programu ikiwa imetulia. Kwa nini kerneli (kiini cha Linux) isihesabu kwa usahihi tu? Kuongeza moja kwenye namba ni kazi gani? Tutumie namba ipi, na je, hii ni hitilafu ya kuripotiwa?"

Ndugu, kerneli haijapoteza hata ukurasa mmoja, yaani kipande cha kumbukumbu, kwa kawaida cha KiB 4. Kila ukurasa ambao programu yako imeugusa umeandikwa mahali fulani. Tatizo ni kwamba faili uliyoisoma haikwenda kuyakusanya maandishi yote kabla ya kukujibu. Ilikupa jumla iliyokuwa karibu. Wabunifu waliamua hivyo kwa makusudi, na walipoamua waliweka pia mpaka: pengo haliwezi kuzidi kiasi fulani, na kiasi hicho unaweza kukipiga mwenyewe kwa kalamu. Ukishakijua, utajua ni maamuzi gani unaweza kuyaegemeza kwenye VmRSS na yapi huwezi.

Nianze na kuongeza moja. Kwenye prosesa moja, kweli, si kazi. Lakini prosesa haigusi kumbukumbu baiti kwa baiti. Huvuta kipande kizima, baiti 64 kwenye mashine nyingi, na kukiweka katika kache yake. Ili iandike ndani ya kipande hicho lazima kwanza iwe mmiliki wake pekee, yaani nakala zote zilizoko kwenye prosesa nyingine zibatilishwe. Sasa fikiria nyuzi 128, yaani mikondo ya kazi ndani ya programu moja, zinagusa kurasa mpya kwa wakati mmoja na zote zinaongeza kihesabu kilekile. Kipande kile kitahamishwa kutoka prosesa hadi prosesa bila kutulia, na kila moja itasubiri zamu. Kitendo ambacho kingechukua nanosekunde chache kinaweza kufika mamia ya nanosekunde, na ukiongeza prosesa foleni inarefuka. Operesheni ya atomiki, isiyoweza kukatizwa katikati, inahakikisha namba haiharibiki, ila foleni iko palepale. Na kazi yenyewe inayohesabiwa, ya kumpa mchakato (programu inayokimbia) ukurasa mmoja, ni fupi sana. Hesabu ingekuwa ghali kama kitu kinachohesabiwa, na seva uliyoinunua kwa ajili ya prosesa 128 ingetumia sehemu ya nguvu zake kugombania namba moja.

Ndiyo maana tangu toleo la 6.2, la mwaka 2023, Linux inahifadhi hesabu ya kurasa za kila mchakato kwa vihesabu vilivyogawanywa. Kila prosesa ina kihesabu chake kidogo. Uzi ukipata ukurasa ukiwa kwenye prosesa ya 17, ni kihesabu cha prosesa ya 17 tu kinachoongezwa, hakuna wa kugombana naye. Kihesabu hicho kikifikia kiasi fulani, nikiite fungu, ndipo prosesa inashika kufuli (nyingine zisubiri), inamwaga kiasi chote kwenye jumla kuu, na kuanza upya kutoka sifuri. Anayesoma haraka anapewa jumla kuu peke yake. Vilivyobaki mikononi mwa prosesa havionekani.

Ukubwa wa fungu ni 32, au mara mbili ya idadi ya prosesa, lolote lililo kubwa zaidi. Hapo ndipo mashine zako mbili zinapoachana. Kwenye ile ya prosesa 4, fungu ni 32. Prosesa zote zikiwa zimebakiza karibu fungu zima, zinaficha kurasa 128, ambazo kwa kurasa za KiB 4 ni KiB 512. Usingeligundua hilo maisha yako yote. Kwenye ile ya prosesa 128, fungu ni 256, na 256 mara 128 ni kurasa 32,768, sawa na MiB 128. Tena VmRSS ni jumla ya vihesabu vitatu: kurasa zisizo na faili, kurasa za faili, na kurasa za kumbukumbu ya pamoja. Kila kimoja kina pengo lake, kwa hiyo mpaka wa mbali kabisa ni MiB 384. MiB 90 zako ziko ndani ya mpaka, na kwa mbali.

Angalia pia jinsi mpaka unavyokua. Kuanzia prosesa 16, zikiongezeka mara mbili, fungu nalo linaongezeka mara mbili, hivyo pengo linaongezeka mara nne. Programu iliyopimwa kwenye mashine ndogo haikupi dalili yoyote ya yatakayotokea kwenye kubwa. Ukurasa mkubwa nao unazidisha: kerneli ikijengwa kwa kurasa za KiB 64, kama inavyofanyika kwenye baadhi ya mashine za ARM, hesabu ileile ya kurasa 32,768 inakuwa GiB 2. Kwenye mashine za namna hiyo watu walikuta amri ya top ikionyesha 0 kwenye safu ya RES kwa michakato iliyokuwa hai na inafanya kazi. Kurasa zake zote zilikuwa bado kwenye vihesabu vidogo. Jumla kuu ilikuwa haijapokea kitu.

Pengo linaweza kwenda upande wowote. Uzi unaweza kupata kurasa ukiwa kwenye prosesa moja na kuzirudisha ukiwa kwenye nyingine, hivyo kihesabu kimoja kinabeba chanya na kingine hasi. Jumla kuu ikishuka chini ya sifuri, msomaji anaonyeshwa sifuri. Usijenge programu kwa kudhani kwamba VmRSS daima iko chini ya ukweli.

Umesema tofauti haiishi hata programu ikitulia. Huu ndio uchunguzi mzuri kuliko wote katika barua yako, kwa sababu unatenganisha makosa mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kosa la kiasi, linalowekewa mpaka na ukubwa wa fungu, na kuna kosa la muda, linalowekewa mpaka na saa. Takwimu za mfumo mzima, zile unazoziona kwenye /proc/vmstat, zina yote mawili: kila prosesa ina kihesabu kidogo cha baiti moja tu kwa kila takwimu, kizingiti chake hakizidi 125, na kazi ya nyuma inavikusanya kila sekunde moja kwa kawaida, muda huo unapangwa kwenye vm.stat_interval. Mfumo ukitulia, baada ya muda mfupi namba zinakuwa sawa. Ukitaka zikusanywe papo hapo, unaandika kwenye /proc/sys/vm/stat_refresh. Vihesabu vya mchakato mmoja havina mkusanyaji wa aina hiyo. Fungu lisipojaa halimwagwi. Mchakato unaweza kulala wiki nzima na pengo lilelile. Kwa hiyo kusubiri na kusoma tena, au kuchukua wastani wa masomo mengi, hakusaidii lolote hapa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi waliuacha mfumo wa kabla ya 6.2. Ule nao ulikuwa na pengo. Tangu 2.6.34 ya mwaka 2010, kila uzi uliweka hesabu yake ndogo na kuimwaga baada ya matukio 64. Mpaka wake ulifuata idadi ya nyuzi, na nyuzi hazina kikomo cha maana: programu yenye nyuzi 1,000 ingeweza kuficha kurasa 64,000, yaani MiB 250, hata kwenye mashine ndogo. Kufunga pengo kwenye idadi ya prosesa kulikuwa na mantiki, maana prosesa haziongezeki programu ikiamua kuanzisha nyuzi zaidi. Lakini nao una bei yake. Kila mchakato mpya sasa unahitaji vihesabu vinne vya baiti 4 kwa kila prosesa. Kwenye seva yako hiyo ni KiB 2 za kutenga, kusafisha na kukagua kwa kila mchakato, hata ule unaoishi milisekunde chache. Kazi zinazozaa michakato mingi mifupi, kama kukompaili programu kubwa au skripti za shell, ndizo zilizoumia, na matoleo yaliyofuata yalilazimika kupunguza gharama hiyo kwa kutenga vihesabu vyote vinne kwa mkupuo mmoja.

Jambo ninalotaka ulichukue kwa uzito ni jinsi kerneli yenyewe inavyojihadhari na namba zake. Haiziamini kila mahali kwa kiwango kimoja. Inauliza kwanza: namba hii inaamua nini?

Ndani ya maktaba ya vihesabu hivi kuna kazi ya kulinganisha jumla na kikomo. Kwanza inachukua jumla ya haraka. Kama iko mbali na kikomo kuliko pengo lote linalowezekana, yaani fungu mara idadi ya prosesa, jibu linatolewa palepale. Hakuna prosesa zilizobakiza kiasi cha kuligeuza. Ni pale tu namba inapoukaribia mpaka ndipo kerneli inashika kufuli na kupita prosesa moja moja kujumlisha kila kitu. Usahihi unanunuliwa pale unapoweza kubadilisha uamuzi, na kwingine kote hauna kazi. Naona huu kuwa usanifu bora kuliko kutafuta namba moja ya kumridhisha kila mtu.

Kwa kurasa huru za mfumo kuna hatari kubwa zaidi. Kizingiti cha 125 mara prosesa 128 ni kurasa 16,000, karibu MiB 62, katika eneo moja la kumbukumbu. Kerneli inaweka akiba ya dharura ambayo haipaswi kuguswa na maombi ya kawaida, kwa sababu wakati mwingine ili kuachia kumbukumbu inahitaji kwanza kumbukumbu kidogo. Ikidhani ina kurasa huru ambazo kwa kweli hazipo, inaweza kuimaliza akiba hiyo bila kujua na mfumo ukaganda. Kwa hiyo kurasa huru zikipungua hadi eneo ambalo pengo linaweza kudanganya, inajumlisha hadi vihesabu vidogo. Na mfanyakazi wa kurudisha kurasa anapoamka, vizingiti vinashushwa ili pengo lenyewe lipungue. Shinikizo likiisha, vinapandishwa tena.

Mfano wa tatu ni hesabu ya kumbukumbu iliyoahidiwa kwa michakato yote. Mfumo ukiwekwa vm.overcommit_memory kuwa 2, hesabu hiyo inakuwa sheria: ikifika kikomo, maombi yanakataliwa. Tangu 2020, katika hali hiyo fungu ni asilimia 0.4 ya kumbukumbu yote ikigawanywa kwa idadi ya prosesa. Katika hali nyingine, ambapo hesabu haizuii karibu chochote, fungu linapanuliwa hadi asilimia 25. Kihesabu ni kilekile na msimbo ni uleule. Kilichobadilika ni matumizi yake.

Mahali ambapo msimamo huu bado unasumbua ni kwenye kuchagua mchakato wa kuuawa kumbukumbu inapoisha. Alama ya kila mchakato hutokana na VmRSS, swapu (kurasa zilizohamishiwa diskini) na majedwali ya kurasa (orodha za mahali zilipo), na kwa muda mrefu imesomwa kwa njia ya haraka. Kwenye seva yenye prosesa mamia, michakato miwili iliyopishana kwa MiB 200 inaweza kuonekana imepishana kinyume. Kuna mapendekezo ya kupanga vihesabu kama mti, ili mabaki yapande ngazi kwa ngazi na pengo lisikue kwa mraba wa idadi ya prosesa. Kwa maoni yangu huko ndiko kunakofaa kwenda.

Sasa programu yako. Namba ya smaps_rollup haina pengo hili kabisa, kwa sababu haisomi vihesabu: inatembea kwenye majedwali ya kurasa na kuhesabu kilichomo. Gharama yake inalingana na ukubwa wa mchakato. GiB 40 za kurasa ndogo ni kurasa 10,485,760 za kupitia, na wakati wa safari hiyo inashikilia kufuli la ramani ya kumbukumbu, ambalo uzi unaotaka kutenga au kuachia eneo unalihitaji pia. Ukiisoma kila sekunde utaona ucheleweshaji kwenye maombi ya wateja wako. Na hata yenyewe si picha ya sekunde moja iliyoganda; nyuzi zingine zinaendelea kugusa kurasa wakati msomaji yuko katikati ya safari. Namba kamili ya mfumo unaokimbia huwa imeshapitwa unapoipokea, kwa hiyo usilipie usahihi wa baiti ya mwisho.

Ukibaki na VmRSS, iga kazi ile ya kulinganisha. Chukua mpaka wako wa MiB 384. Kikomo kikiwa GiB 40 na somo liko chini yake kwa zaidi ya hapo, endelea na kazi. Likiwa juu yake kwa zaidi ya hapo, futa. Likiwa katikati, soma smaps_rollup mara moja na uamue. Kwa mchakato wa GiB 40 eneo hilo la mashaka ni chini ya asilimia 1 kila upande, kwa hiyo njia ya ghali itatumika mara chache. Kumbuka tu kwamba pengo halipungui mchakato ukiwa mdogo: kwa programu ya MiB 200 kwenye seva hiyohiyo, VmRSS ya haraka haina maana yoyote.

Lakini ushauri wangu wa kweli ni kwamba usiendeshe kache kwa VmRSS hata kidogo, na sababu yake haihusiani na vihesabu vya kerneli. Programu inapofuta vitu, kigawa kumbukumbu (maktaba inayoigawia programu kumbukumbu) hakirudishi kurasa kwa kerneli mara moja. Huzibakiza kwa maombi yajayo. VmRSS haishuki. Sekunde inayofuata programu yako inaona bado iko juu ya kikomo na inafuta tena, kisha tena, mpaka kache inabaki tupu ilhali namba haijasogea. Kagua kumbukumbu za matukio zako. Sitashangaa ukilikuta hilo tayari.

Hesabu baiti za kache mwenyewe, vitu vinapoingia na vinapotoka. Usiweke kihesabu kimoja cha atomiki kwa nyuzi zote, maana utakuwa umeirudisha foleni niliyoieleza mwanzo. Kila uzi uwe na posho: uchukue MiB 1 kutoka kwenye jumla kabla ya kuitumia, na urudi kuchukua nyingine ikiisha. Kwa nyuzi 200 na kikomo cha GiB 30, kiasi kilichochukuliwa bila kutumika hakizidi MiB 200, chini ya asilimia 0.7. Na kwa kuwa posho inakatwa mapema, kosa daima linaangukia upande salama: unaweza kujidhania umejaa kabla hujajaa, ila huwezi kupita kikomo bila kujua. Vikundi vya udhibiti vya Linux (cgroups), vinavyowekea kundi la michakato vikomo, vinafanya vivyo hivyo; kila prosesa inachukua posho ya kurasa 64 kutoka kwenye kikundi, ndiyo sababu memory.current, namba ya matumizi ya kikundi, huonyesha kidogo zaidi ya kilichotumika. Hakikisha vihesabu vya nyuzi mbili tofauti haviko ndani ya kipande kimoja cha baiti 64, la sivyo kugawanya kwako hakutakuwa na faida.

Kama ulinzi wa nje, weka programu kwenye kikundi chenye vikomo vya memory.high na memory.max, na badala ya kukisia kwa namba za matumizi, fuatilia /proc/pressure/memory, inayoonyesha muda ambao kazi zimesimama zikisubiri kumbukumbu. Faili hiyo ipo tangu toleo la 4.20. Kwa memory.stat, faili ya takwimu za kikundi, fahamu kwamba mkusanyo wake wa kawaida hufanyika kila sekunde 2, kwa hiyo kuilinganisha na kitu kilichotokea nusu sekunde iliyopita kutakuchanganya.

Kuhusu kuripoti: usiripoti hicho ulichokiona. Mwaka 2025 faili za status na statm (mwenzake wa kifupi) zilibadilishwa ili zijumlishe vihesabu vyote kabla ya kujibu, kwa hoja kwamba watu husoma faili hizi mara chache kuliko kurasa zinavyotolewa. Michakato 1,000 kwenye prosesa 128 ni masomo mamia ya maelfu kwa kila duru ya top, gharama ambayo msomaji anaweza kuibeba bila kuwaumiza wanaofanya kazi. Kerneli mpya itakuondolea MiB 90 hizo. Ikiwa baada ya kuihamia bado unaona tofauti ya zaidi ya MiB chache programu ikiwa imetulia, au ukiona kwenye 6.5 tofauti inayovuka mpaka ulioupiga, hapo una jambo la kuripoti. Ambatanisha toleo la kerneli, idadi ya prosesa, jibu la getconf PAGESIZE, na masomo ya faili zote mbili yaliyochukuliwa moja baada ya jingine.